Glavu Mbili Kwenye Behewa la Kimya

"Barafu imetoka nyumbani."

Sauti ya Sigvard Brolin, mkuu wa kitengo cha upelelezi, ilikuwa kavu kwenye kisikizi cha sikioni. Maana yake: dawa imeibwa.

Vendela Stråhle alikuwa anakimbia tayari. Aliruka ngazi za stesheni ya Uppsala, akauzuia mlango wa treni kwa bega, akapenya.

"Nimo ndani."

"Mwizi anaitwa Kruse. Yumo humo na boksi la dawa. Usimguse. Anakwenda kumkabidhi mnunuzi uwanja wa ndege wa Arlanda, na sisi tunamtaka mnunuzi."

"Na dawa?"

"Dawa ni chambo tu."

Chambo! Damu ilimchemka Vendela. Chambo hicho ndicho alichokuwa anakisubiri Ebba, dada yake, ambaye siku hizi hawezi hata kumfunga mwanawe vifungo vya koti.

Dokta Torkel Isberg, aliyeiunda dawa hiyo, aliwahi kumweleza mbele ya kahawa na andazi la mdalasini.

"Ndani ya seli kuna vimeng'enya vinaitwa kinasi. Kazi yao kupashana habari. Hiki kinakibandikia kile chembe ya fosfati, kile kinaamka, kinakibandikia kingine, mpaka amri inafika. Kwenye seli za kinga za dada yako amri ni moja: shambulia. Haizimiki. Zinatafuna neva zake mwenyewe."

"Si uizime?"

"Wenzangu wameizima sana! Lakini kinasi kilekile, ndani ya seli ya neva, kinapeleka amri ya kuishi. Ukizima kote, umemwua mgonjwa kwa upole. Dawa yangu inazima huku, inaacha kule."

Ilikuwepo chupa moja tu ya dawa hiyo. Barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa, ikiisha, dawa inaharibika, na Ebba hakuwa na muda wa kusubiri nyingine itengenezwe.

Mnunuzi hakujali. Hata ikiharibika, mafundi wake wangeweza kusoma jinsi ilivyoundwa. Alitaka kujua neva huzimwaje, atengeneze silaha, na hakuwa na haja ya kumponya mtu.

Vendela aliingia behewa la kimya, lile lisiloruhusiwa kelele, na kusimama ghafla.

Lahaula! Mkutano wa wanasayansi ulikuwa umekwisha mchana ule. Nusu ya behewa walikuwa na maboksi meupe mapajani, kila mtu na sampuli zake, na yeye sura ya Kruse hakuwahi kuiona.

Wachache walikuwa wanakagua barafu zao. Mkono mmoja glavu, mwingine mtupu, kama walivyozoea.

Mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu alisimama na boksi lake. Glavu za zambarau mikono yote miwili. Akashika kitasa cha mlango.

"We!"

Behewa zima liligeuka. Profesa Gunvor Rask, bibi wa miraba minne, alikuwa amesimama.

"Na glavu unashika kitasa? Umefundishwa maabara gani wewe? Unataka kutupaka wote uchafu wako?"

"Samahani, mama, nilisahau."

"Umesahau? Hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hasahau! Mkono wa sampuli una glavu, mkono wa mlango hauna. Huyu si mwenzetu!"

Vendela alitabasamu. Mtu kavaa ili afanane nao, kavaa kupita kiasi.

"Kruse," aliita.

Jamaa aligeuka. Bastola aina ya SIG Sauer ilikuwa mkononi.

"Usisogee, mrembo."

"Stråhle, mwache apite!" Brolin alifoka kwenye kisikizi. "Hiyo ni amri!"

"Sitaki," alijibu Vendela, na hakujali nani alisikia.

Gunvor alimsukumia Vendela boksi lake kwa mguu. "Langu halina sampuli. Barafu kavu tupu. Chukua na hii." Akampa chupa ya kahawa ya moto.

Vendela aliimimina kahawa yote juu ya barafu.

Ukungu mweupe ulilipuka ukajaza behewa. Risasi moja ilitoboa dari. Vendela aliingia kwa chini, kiwiko tumboni, goti kidevuni. Bastola ilianguka, Kruse akaifuata.

Kutoka ndani ya ukungu, mtu alilalamika: "Jamani, hili si behewa la kimya?"

Vendela alimfunga Kruse pingu kwenye nguzo ya kiti, akalichukua boksi. Lilikuwa bado la baridi.

"Umeniharibia kazi ya mwaka mzima!" Brolin alipiga kelele. "Mnunuzi ametimka!"

"Ametimka mikono mitupu, mkuu."

"Lete hilo boksi makao makuu. Ni ushahidi."

"Stoo ya ushahidi ina friza?"

"Nimesema lete boksi."

"Nimekuuliza, mkuu. Ina friza?"

"Ukishuka na hilo boksi, huna kazi."

Vendela alichomoa kisikizi, akakiangusha ndani ya chupa tupu ya kahawa. Polisi wa Arlanda walipoingia kumchukua Kruse, yeye alikuwa anavuka kwenda jukwaa la pili kupanda treni ya kurudi Uppsala.

Torkel alimpokea mlangoni pa maabara. Alipima baridi ya boksi, akapima tena. Machozi yakamtoka.

"Iko salama. Nimwandike nani kama aliyeileta? Idara yako?"

"Sina idara."

"Tangu lini?"

"Tangu mchana." Vendela alifunga zipu ya koti lake. "Mpigie Ebba. Mwambie kesho asichelewe."

Akatia mikono mfukoni, akaondoka zake.