Siku Sindano Zilipotolewa

Kila siku alipotoka shuleni, Chiriku alipitia hospitali kumpelekea mama yake nguo safi. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini akifika kwenye wodi ya watoto wachanga, maneno yalimkauka. Humo alilazwa mdogo wake, aliyezaliwa na moyo mbovu, na Chiriku aliogopa hata kumgusa.

"Atapona tu," shangazi alimwambia kila alipouliza. Chiriku aliamini, ingawa usingizi ulimpaa.

Siku hiyo alimkuta muuguzi akibandua plasta kwenye mkono wa mtoto. Sindano ya dripu ilikuwa imeshatolewa na mashine imezimwa. Mama alikuwa kando ya kitanda, macho mekundu.

"Rudisheni!" Chiriku alipiga kelele, akaung'ang'ania mkono wa muuguzi. "Mmemchoka? Mnataka afe?"

Muuguzi hakumfokea. Alimwita daktari, naye akavuta kiti akaketi karibu na Chiriku.

"Mwanangu, nitakwambia ukweli, ingawa unauma," alisema. "Moyo wa mdogo wako hatuwezi kuuponya. Atatuaga, pengine leo, pengine kesho. Sindano zilikuwa zinamuumiza bure, ndiyo maana tumekubaliana na wazazi wako tuzitoe."

"Basi mmemwacha."

"Hapana. Hata madaktari wenzetu wengine hudhani mtoto asipopona, kazi imekwisha. Kazi ipo! Asisikie maumivu wala baridi, asiwe peke yake. Na nyinyi pia tuwatunze."

Chiriku alimtazama mdogo wake. "Nikimshika, je, akifa?"

"Anaweza kufa ukiwa umemshika," daktari alijibu taratibu. "Lakini hatakufa kwa sababu umemshika."

Muuguzi alimdondoshea mtoto dawa ya maumivu mdomoni, kisha akamweka mapajani pa dada yake. Alikuwa mwepesi kuliko mkoba wa shule. Chiriku aliogopa mpaka jasho likamtoka, lakini hakumrudisha.

"Mimi dada yako," alinong'ona. "Siku hizi baba ndiye anayepika. Una bahati hujaota meno."

Mama alicheka huku machozi yakimtiririka.

Kabla jua halijazama, mtoto alifariki kifuani mwa mama, kimya, bila kulia. Baba na shangazi walikuwa wamefika. Muuguzi alileta maji ya uvuguvugu wamwoshe pamoja.

"Nilikudanganya, mwanangu," shangazi alisema. "Nilidhani nakukinga."

Chiriku alilia kwa sauti. Mama alimkumbatia.

"Si kila ugonjwa una dawa," alimwambia, "lakini hakuna mgonjwa asiyestahili kutunzwa. Uliogopa, nami niliogopa. Hata hivyo, mdogo wako amepakatwa na dada yake."