Pasipoti Ndani ya Mto wa Kiti

Kila jioni, cherehani ya mama ilipoanza kunguruma, Askari alishika kazi yake. Alipiga magoti sakafuni, akaburuta sumaku chini ya meza, na pini zilizodondoka zikairukia kama sisimizi walioona sukari. Askari halikuwa jina lake la kuzaliwa. Nyumbani na shuleni walimpachika jina hilo kwa sababu hakuna kitu kilichompita bila kukaguliwa. Msichana wa miaka kumi na miwili, lakini muuza duka akimwona anakuja huhesabu chenji mara mbili.

Bibi yake naye hukaa pembeni akichambua vifungo, vikubwa huku, vidogo kule, na mdomo wake haukosi kitendawili.

"Kitendawili," alisema jioni hiyo.

"Tega."

"Nikimlisha gizani ananenepa. Nikimleta mwangani anakonda."

Askari alijaribu popo. Akajaribu panya, akajaribu uyoga. Kila mara bibi alitikisa kichwa, na mwisho akadai apewe mji.

"Nakupa mji anaokaa dada," alisema Askari.

"Huo siupokei, mjukuu wangu. Nauli yake itanitoa roho. Nitakaa na jibu langu mpaka ulipate mwenyewe."

Mama alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, maana nauli hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha usingizi. Dada mkubwa alikuwa anakaribia kujifungua katika jiji la mbali, safari ya kutwa kucha angani. Daktari alikuwa amemwambia atazaa kwa upasuaji. Mumewe alifanya kazi ya zamu, na huko hawakuwa na ndugu hata mmoja wa kumshika mkono. Mama alishapata viza. Kilichokosekana ni tiketi. Kila walipotazama bei kwenye simu waliikuta imepanda, na akiba ya mama imebaki palepale.

Ndipo akatokea wakala wa tiketi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vioo, na alimwambia mama kwamba anaweza kumpatia nafasi kwa bei iliyopungua karibu nusu. Mama alirudi nyumbani anaimba. Askari hakuimba. Alikumbuka jirani yao, mwalimu wa chekechea, aliyeuziwa tiketi ya bei poa na mtu wa barabarani. Mwalimu yule alifika uwanja wa ndege na sanduku lake jipya, akaambiwa jina lake halimo. Alirudi na sanduku lake, na mpaka leo anafungia humo vyombo.

Tangu siku hiyo Askari akaanza kumchunguza wakala. Aliongozana na mama mara mbili kwenda ofisini, akakaa kimya kwenye kiti kigumu cha mbao, macho yamemtoka. Aliona kwamba simu ikiita wakala hatoi sauti mle ndani. Hutoka nje kwenye ngazi, akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona. Aliona pia kwamba hakudai ada yoyote kwa kazi yake. Mtu gani anahangaika bure? Askari alijiuliza, na hakumuuliza mtu mwingine.

Kisha ikaja namba. Wakala alimwandikia mama namba ya nafasi aliyomshikia kwenye ndege. Askari aliikariri. Kesho yake, katika chumba cha kompyuta shuleni, yeye na rafiki yake anayekaa naye dawati moja waliiingiza kwenye ukurasa wa shirika la ndege. Jibu lilikuja kwamba hakuna nafasi yenye namba hiyo.

"Mama yako anapigwa pesa zake," rafiki yake alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ningekuwa wewe ningefanya jambo."

Jioni ileile mama alisema wakala anaihitaji pasipoti, aione kwa macho yake kabla ya kukata tiketi. Kesho mchana ataipeleka. Askari alijisemea moyoni: Sasa anataka na pasipoti! Angeweza kusema pale pale. Lakini aliona jinsi mama alivyokuwa akikunja nguo za mtoto, moja moja, akizinyoosha kwa kiganja, akaona asimharibie furaha.

Mama alipokwenda kuoga, Askari alifungua droo, akaichukua ile pasipoti. Kwenye kona palikuwa na rundo la mito ya viti, kazi ya mteja, iliyokwisha kushonwa. Akafungua zipu ya mmoja, akaisukuma pasipoti kati ya sponji na kitambaa, akafunga. Alijiambia atamwonyesha mama ushahidi wote Jumamosi, mama akiwa hana haraka. Mpaka wakati huo yule bwana hataigusa.

Kesho yake alirudi kutoka shuleni akakuta nyumba imepinduliwa. Droo ziko sakafuni, godoro limesimamishwa ukutani, na bibi anapekua kopo la vifungo kana kwamba pasipoti inaweza kuingia humo. Mama alieleza huku akihema kwamba bei ile imeshikwa mpaka ofisi zifungwe leo. Ikipita, inarudi juu, na hapo safari hakuna.

Askari alitazama kona. Mito haikuwepo.

"Mama, mito imekwenda wapi?"

"Mwenyewe alimtuma mtu kuichukua asubuhi. Si mito ya wakala? Ndiyo ada yake. Tulikubaliana nimshonee mito ya viti vya ofisi, yeye anitafutie nafasi. Kwa nini unauliza mito saa hizi?"

Kitu ambacho Askari alikuwa akimficha mtu yule, alikuwa amempelekea mwenyewe mpaka mlangoni. Hakuona pa kukimbilia. Akasema yote: jirani, minong'ono ya ngazini, namba isiyokuwepo, zipu. Mama hakumgombeza. Alitafuta viatu vyake.

Walimkuta wakala kwenye ngazi, kaziba mdomo, ananong'ona na simu. Alipowaona akaikata haraka. Askari alijiambia: unaona? Ndani, viti vyote vilikuwa na mito mipya, na kila mto ulikuwa na mtu juu yake. Mama alieleza kwa aibu. Askari akalazimika kupita kiti kwa kiti, akiwaomba watu wazima wasimame, huku uso wake unawaka.

"Njoo huku, binti," alisema mzee mmoja mnene aliyekaa karibu na dirisha. "Tangu nimekaa nasema moyoni, mto huu una mfupa."

Zipu ikafunguliwa. Pasipoti ikatoka, imepinda kidogo kwa uzito wa mzee. Watu walicheka, wakala naye akacheka, lakini hakuendelea na kazi mara moja. Alivuta kiti karibu na chake.

"Wewe ndiye Askari? Haya, kaa. Kagua."

Askari akakaa, akauliza kuhusu namba. Wakala alimweleza kwamba nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa hufutika yenyewe, na yeye huiachia na kuishika upya kila bei inapocheza, akivizia ishuke. Siku aliyoitafuta shuleni, ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuachiwa. Kuhusu minong'ono, alisema wateja wakisikia bei ya mtu mwingine kabla haijathibitishwa, chumba kizima humgeukia yeye kudai bei hiyohiyo. Na bei ilikuwa ndogo kwa sababu mama hatapanda ndege moja ya moja kwa moja. Atashuka katika jiji la tatu, asubiri kutwa nzima, apande nyingine. Pasipoti aliitaka ili ahakikishe viza inamruhusu kupita huko.

"Na pesa mama anakupa wewe?"

"Swali zuri kuliko yote," wakala alisema. "Hapana. Analipa kwa shirika lenyewe, anapewa risiti yao. Namba mpya utaiingiza wewe, kwenye simu ya mama yako, siyo kwenye kompyuta yangu."

Ikawa hivyo. Mama alilipa, Askari akaingiza namba, na jina la mama likatokea, pamoja na tarehe ya kwenda na ya kurudi. Aliisoma mara tatu. Kisha akasimama, akamwomba wakala radhi mbele ya watu wote waliokuwa wamesimamishwa.

Usiku huo mama alikuwa akipanga sanduku. Bibi alimwita Askari, akamkalisha karibu na kopo la vifungo. Alimwambia hakukosea kuwa na shaka, maana matapeli wapo, na sanduku la jirani ni shahidi. Alikosea kuifanya shaka hiyo siri.

"Ukiona jambo halikai sawa, mwulize mhusika mwenyewe, na umwambie mama yako siku hiyohiyo," bibi alisema. "Mtu mwaminifu hukujibu. Tapeli hukukasirikia. Iwe hivi au vile, umeshajua ukweli. Lakini ukikaa nalo peke yako, utahukumu nusu ya mambo, na wa kuumia atakuwa mtu wako. Leo kidogo dada yako azae bila mama."

Askari aliinamisha kichwa. Aliokota kifungo kimoja, akakizungusha kidoleni. Mara akainua macho.

"Bibi. Yule anayenenepa gizani, ukimleta mwangani anakonda. Ni shaka."

Bibi alicheka mpaka vifungo vikamwagika.

"Umenikosesha mji," alisema. "Haya, leta sumaku yako tuviokote."

"Bibi, sumaku haishiki vifungo."

"Ndiyo maana nakupenda," bibi alisema. "Sasa umeanza kuisema shaka yako palepale."