Hodi Kutoka Chumba cha Ndani

Kilikuwa kimebaki chumba kimoja tu cha kupima, na nilitaka nikimalize mapema nipate bodaboda ya kunivusha daraja la Kigamboni kabla giza halijaingia. Mume wangu, Ferdinand, alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama nimekula. Nilikuwa na ujauzito wa miezi mitano. Mimba mbili za mwanzo zilitoka, na hii ya tatu tulikuwa tunaibeba kama yai, mimi kwa tumbo na yeye kwa simu.

Kazi yangu ni kuchora nyumba za zamani. Warithi wa jumba la Bin Aidarus, kule Tungi, walitaka liandikishwe kuwa jengo la urithi kabla mnunuzi hajalivunja, na ofisi ikanituma nipime kila ukuta. Ni jumba la mwaka 1926, la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye baraza mbele na ua katikati. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu dari zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa kumwogopa tajiri. Kadiri unavyoingia ndivyo nyumba inavyozidi kuwa ya siri. Wageni wa kiume waliishia barazani, jamaa ukumbini, wanawake walikaa nyuma ya ua, na mwisho kabisa kuna chumba cha ndani. Humo ndimo walimozalia, na humo ndimo walimooshea maiti.

Watu wa Tungi waliniambia mapema kwamba wenye jumba wana maringo, hawaitiki hodi. Ni kweli. Siku ya kwanza nilipiga hodi mpaka koo likakauka, ndipo mlango ukafunguka kimya na Bi Khairiya akasimama pale na tasbihi yake, bibi wa miaka themanini na ushei. Hakusema karibu. Alinipisha tu nikapita. Nilipomwamkia aliitikia vizuri, akanipa chai na kaimati, kisha akaniambia mtu akija mlangoni nimwachie yeye, mimi nisijibu kitu. Mimi ni mtoto wa Masasi. Kwetu ukimwacha mtu anapiga hodi bila kumjibu, mama yako atakusema mwezi mzima. Nikaona bibi ana kiburi cha kizamani, nikaendelea na kazi yangu.

Jioni ile adhana ya Magharibi ikalia. Bi Khairiya akasema anapanda juu kuswali, nimalizie kazi yangu. Nikabaki peke yangu kwenye ukumbi wa wanawake, nimekaa kwenye kigoda, naandika vipimo. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa pembeni yangu, umerudishwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tisa.

"Hodi..."

Sauti ya chini, ya kike. Nikadhani ni jirani. Nikaendelea kuandika.

"Hodi..."

Mara hii ilikuwa karibu zaidi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka sana lakini anajitahidi asisumbue. Nikamwonea huruma. Bibi yuko kwenye swala, nikajisemea, hawezi kujibu, na mtoto wa watu amesimama huko nje.

"Hodi jamani..."

"Karibu," nikasema, bila kuinua kichwa.

Kalamu ikasimama.

Sauti haikutoka nje. Ilitoka chumba cha ndani.

Nilikuwa nimekizunguka chumba kile asubuhi ileile. Kuta tatu nzima, hazina dirisha, hazina hata tundu la hewa. Mlango ni huo mmoja, na mimi nilikuwa mbele yake tangu alasiri.

Mlango ukalia... kidogo... ukafunguka.

Hakukuwa na mtu.

Ilitangulia harufu. Maji ya moto, mafuta ya nazi na damu. Naijua harufu ile. Nimelazwa wodi ya wazazi mara mbili, na mara zote mbili nimerudi nyumbani mikono mitupu. Nikasikia nyayo zisizo na viatu zikija juu ya sakafu, polepole, za mtu anayejishikiza ukutani. Upindo wa kanga ukanigusa kifundo cha mguu. Halafu mkono ukatua tumboni kwangu.

Haukuwa wa baridi. Ulikuwa na joto.

Mwanangu akapiga teke moja. Akatulia.

"Ahsante," sauti ikasema sikioni mwangu.

Nyayo zikaendelea, zikavuka ua, zikapita ukumbi mkubwa hadi barazani. Zilikwenda nyepesi kuliko zilivyokuja, kama za mtu aliyetua mzigo.

Bi Khairiya alinikuta sakafuni nimekumbatia tumbo. Aliutazama mlango uliokuwa wazi, akaketi palepale kando yangu na nguo zake za swala.

"Umeitika, Genoveva," akasema.

Nikakubali kwa kichwa.

Ndipo akanieleza. Alikuwa na miaka saba, na nyumbani palikuwa na harusi ya dada yake. Wageni walitoka Unguja na Mombasa, jumba likajaa. Kulikuwa na mpishi, Somoe, aliyeletwa kutoka Lindi akiwa binti mdogo, na Somoe alikuwa na mimba ambayo kila mtu nyumbani alijua ni ya nani, wala hakuna aliyethubutu kumtaja mwenyewe. Ili wageni wasimwone, akawekwa chumba cha ndani mpaka harusi iishe. Uchungu ukamshika humo. Alikuwa amefundishwa tangu utoto kwamba mtumishi hatokezi mbele ya wageni mpaka apige hodi na aitikiwe. Basi akapiga hodi. Alipiga tangu alasiri mpaka Isha, kwa adabu, bila kupaza sauti. Khairiya alikaa kwenye mkeka mbele ya mlango uleule, na mama yake alikuwa amemkataza kuitika.

"Sie tulimkuta asubuhi," akasema. "Mtoto bado yu tumboni. Na mlango haukufungwa, mwanangu. Haujapata kuwa na komeo hata siku moja. Alikuwa angoja aambiwe karibu."

Tangu hapo sauti ikawa inakuja jioni, na ukoo mzima ukaacha kuitika hodi, maana hawakujua ni nani anayeuliza na waliogopa kitakachotoka. Nilimlilia Somoe. Nikamchukia bibi yule kwa dakika nzima, ingawa alikuwa mtoto wakati ule. Yeye naye alilia, lakini kwa nafuu, akasema sasa ametoka, Mungu amrehemu.

Kisha akaitazama mikono yangu iliyoshika tumbo, na uso wake ukabadilika.

"Na mtoto wake je?" akauliza. "Ametoka naye?"

Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kliniki, Ferdinand akiwa kando yangu. Kipimo cha mwezi wa tatu kilikuwa kimeonyesha mtoto mmoja, na picha yake tuliibandika kwenye friji. Muuguzi akapitisha kifaa tumboni, akasimama, akapitisha tena. Alinipa hongera. Mioyo ilikuwa miwili. Akasema wakati mwingine pacha mmoja hujificha nyuma ya mwenzake na mashine isimwone. Ferdinand alishika kichwa kwa furaha, na jioni hiyo akampigia simu kila ndugu kuanzia Gongo la Mboto mpaka Masasi.

Inawezekana muuguzi yuko sahihi. Nimejitahidi sana kumwamini.

Bi Khairiya alisikia habari, akanipigia kuniambia kuna mganga mmoja mzee, Mbagala, anayeweza kumwondoa mgeni. Nikamuuliza kama mgeni ataondoka peke yake, amwache wangu. Akasema mzee hakuahidi hilo. Sikwenda.

Sasa nina miezi minane. Wa kulia alikuwa mtundu, ananipiga mateke kutwa nzima. Wa kushoto alikuwa hasogei kabisa, ingawa muuguzi alisema moyo wake ndio wenye nguvu zaidi. Mwanzoni nililalia ubavu wa kushoto makusudi ili nimbane. Baadaye nikaona aibu, nikaacha. Jana jioni nilikuwa nafua, nikajikuta naongea naye, namwambia nguo zake zimeshanunuliwa, na kitanda chake kitakuwa karibu na dirisha apate hewa. Nikasimama na povu mikononi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa Tungi, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda.

Akageuka, kwa mara ya kwanza.

Wa kulia hajapiga teke tangu hapo. Niko kliniki tangu saa kumi na mbili asubuhi, nimeweka mkono ubavu wa kulia, nasubiri kuitwa.