Kura ya Fleti 6B

Karani-sauti alitoka kwenye lifti saa kumi kamili alasiri, akaanza kupita korido moja baada ya nyingine. Alikuwa roboti mwenye kimo cha mtoto wa darasa la pili, na kila alipoufikia mlango, taa iliyo juu ya mlango huo iliwaka: kijani kwa waliokubali jengo liuzwe, nyekundu kwa waliokataa. Tangu asubuhi wenye fleti walikuwa wakimnong'oneza uamuzi wao, naye alimtambua kila mmoja kwa mtetemo wa koo lake.

Aliyemuunda ni Mhandisi Rukaya Mbwana wa fleti 6B, na siku hiyo alikuwa akimwogopa.

Sheria ya zamani ilitaka kila mwenye fleti akubali ndipo jengo liuzwe. Sheria mpya, iliyopitishwa mwaka huo wa 2079 kwa makofi na hotuba ndefu, iliridhika na robo tatu. Jengo la Msufini lilikuwa na fleti thelathini na mbili. Wakikubali ishirini na nne, mchwa wa chuma wangeachiwa walitafune kutoka paa hadi msingi kwa siku tatu, na waliokataa wangehamishwa wapende wasipende. Rukaya hakujali kuta. Alimjali mama yake, Bi Zuhura, aliyepofuka miaka kumi na miwili iliyopita na kulikariri jengo zima kwa viganja. Humo alikwenda atakako peke yake. Kwingine angekuwa mtu wa kushikwa mkono hadi chooni.

Kwa hiyo familia tisa, ya Rukaya ikiwemo, ziliapa kukataa. Tisa zilitosha, mradi isipungue hata moja. Ziliapa mezani kwa Rukaya, kwa biriani, na leo zilikuwa zimerudi kusubiri matokeo kwa biriani nyingine. Rukaya alikuwa jikoni tangu alfajiri, akamtuma mumewe, Idrisa, ashuke apige kura ya fleti yao. Fleti ya wawili ilikuwa na kura moja, na Karani alipokea sauti ya kwanza kumfikia. Kanuni hiyo Rukaya mwenyewe ndiye aliyeipendekeza wizarani. "Mke na mume lao moja," aliwaambia, nao wakacheka, wakaiandika.

Kila mlango ulimpigia mwenyewe simu kumwarifu rangi ya taa yake. Familia nane zilikuwa zimeshashangiliwa, nyekundu zote, Karani alipofika 6B. Wageni wakatoka hadi koridoni na sahani zao mikononi.

Taa ikawaka kijani.

"Ah, imeharibika hiyo," akasema Bwana Mallya wa 4A. "Mhandisi, mtambo wako umekosea. Urekebishe bwana, turudi mezani."

Wote wakamtazama Rukaya. Angesema ndiyo, umekosea, wangemwamini. Akasoma kioo kilicho kifuani mwa Karani: saa mbili na dakika tano asubuhi, Idrisa Kombo, ninakubali.

"Hajakosea," akasema.

Sahani zikarudishwa mezani moja moja. Wageni wakashuka kwa ngazi bila kuaga.

"Uliapa na wewe," Rukaya akamwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Nilikuona."

"Uliniapisha. Mbele za watu, kijiko mkononi, ningesema nini? Miaka kumi na miwili kiti kisisogezwe, zulia lisibadilishwe. Wanunuzi wametuahidi ghorofa ya hamsini. Nilitaka kwangu, Rukaya, mara moja tu."

"Ungeniambia."

"Ungenisikia?"

Rukaya alitamani kumzaba kofi. Kilichomuuma kuliko kura ni kwamba Idrisa alikaa mezani saa nzima akiwapakulia wale wanane, akiwaambia wasiwe na wasiwasi.

Bi Zuhura akatokea mlangoni, kiganja kikipapasa ukuta. "Mbona kimya hivyo? Taa yetu imewaka rangi gani?"

Rukaya akafungua kinywa. Idrisa akamtangulia.

"Nyekundu, mama."

"Alhamdulillahi. Nilijua wewe hutaniangusha." Bibi akanyoosha mkono hewani, akitafuta kichwa cha mkwewe ili amwombee dua.

Idrisa akainama, akakileta chini ya kiganja chake.