Thelathini na Moja kwa Mia

Ukumbi wa mkutano wa zabuni ulijaa pomoni, waliokosa viti wakaegemea madirisha. Jukwaani alisimama afisa takwimu wa wizara, kijana mrefu, shati lake jeupe limenyooka kama karatasi.

"Lengo letu ni kwamba katika kila zabuni mia za serikali, thelathini ziende kwa wafanyabiashara wadogo," alisema. "Mwaka huu tumefikisha thelathini na moja!"

Makofi yakalipuka. Ndipo mkono ukanyooshwa safu ya tatu. Mwenye mkono alikuwa fundi cherehani, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na udadisi wake haukuwa na breki.

"Samahani kaka, hao thelathini na moja ni akina nani? Mimi nimeomba mara nne nimeambulia patupu, na majirani zangu hapa wote wanatikisa kichwa."

Watu wakaangua kicheko. Afisa hakucheka. Alifungua ukurasa mpya wa daftari lake.

"Sijui," alisema. "Naomba namba yako dada, nikitafuta jibu nikupigie."

Alipiga jioni ile ile, na jibu hakuwa nalo. Akapiga kesho yake, na keshokutwa.

"Una cherehani ngapi, Fundi?"

"Sita. Mbili zina kiburi. Bwana Asilimia, hayo ndiyo maswali ya kumuuliza mwanamke?"

"Nataka kujua kila kitu chako. Naanza na vinavyohesabika."

Fundi alicheka mpaka dada yake, aliyekuwa akikata vitambaa pembeni, akaweka mkasi chini. "Takwimu gani hizo za kukufanya uuchekee ukuta?"

Baada ya miezi miwili ya simu na matembezi ya Jumapili, tayari walikuwa wakiitana mpenzi. Kwenye karakana ya Fundi tu ndipo afisa alipokataa kukanyaga. "Wewe ni mwombaji wa zabuni," alisema. "Watasema nakupendelea."

Kisha wizara ikabandika ukutani orodha kamili ya walionufaika. Fundi akaenda kuisoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari, hadi kikaganda. Jina la karakana yake lilikuwa pale: mashuka elfu mbili ya hospitali.

Hakuwa ameishonea serikali hata foronya.

Akapiga simu palepale. "Cherehani ngapi, mafundi wangapi, chumba kina ukubwa gani! Kumbe ulikuwa unajaza fomu!"

"Mpenzi, fomu gani? Hebu nisikilize..."

"Mimi ndiye wako wa thelathini na moja?" Akakata.

Simu iliita siku ile mara saba. Baadaye ikanyamaza, na ukimya huo ukamuuma kuliko alivyotarajia. Je, afisa alikuwa mwongo kweli? Mwongo gani hukiri mbele ya ukumbi mzima kwamba hajui?

Wiki ya tano, dada yake aliingia mbio, gazeti mkononi. "Njoo usome! Wizara imejisahihisha. Lengo halikufikiwa, ni kumi na nane tu. Kampuni kubwa ziliandika majina ya mafundi wadogo kwenye maombi yao, zikapewa kazi, zikafanya zenyewe. Wenye majina hawakuambiwa. Na angalia aliyetia saini!"

Fundi hata futi ya kupimia hakuivua shingoni, akakimbilia wizarani. Ghorofa ya tatu alikuta mtu mwingine kwenye meza ya afisa. "Yule? Amehamishiwa stoo ya mafaili, chini ya jengo."

Alimkuta kati ya marobota ya karatasi, lile shati jeupe sasa limekuwa na rangi ya vumbi.

"Umefanyaje wewe?"

"Niligonga mlango wa kila aliyeandikwa. Majina mia moja na kumi na mawili. Mkubwa wangu alitaka ninyamaze. Nilipokataa, akaniteremsha mpaka huku chini."

"Mlango wangu hukuugonga."

"Niliogopa. Hao wengine hawakuwa wameninunia."

Fundi alimpangusa vumbi begani, polepole. "Nisamehe. Nilikuhukumu kabla ya kukuuliza, mimi ninayeuliza kila mtu kila kitu. Lakini mbona hukunitumia hata ujumbe, ukasema unafuatilia?"

"Ungedhani nazirekebisha hesabu ili nikupate. Nilitaka ukweli usimame kwanza, hata kama wewe hutarudi." Akaweka faili chini. "Zabuni mpya zinatangazwa Jumatatu. Omba. Mimi simo tena, hakuna atakayesema nimekubeba. Kwa hiyo ninaruhusiwa kukuuliza. Utakubali nikuoe?"

"Afisa wa stoo?"

"Afisa wa stoo."

Fundi alimshika mkono akamvuta kuelekea ngazini. "Twende kwanza ukaione karakana. Mtu haolewi na asiyejua anakoshinda."

Walipanda, Fundi mbele, afisa nyuma akihesabu mapigo ya moyo wake. Walipofika ukumbi wa kuingilia, Fundi akageuka ghafla, akasema ndiyo kwa sauti iliyowatoa makarani wote milangoni.