Saa Iliyolala Kabatini

Mtu anayepiga pasi kutwa hachoki mahali pamoja. Anaanza kuchoka miguu. Uchovu unapanda mgongoni, na ukifika shingoni jua limeshazama. Hivyo ndivyo Kitinda alivyorudi nyumbani kila jioni. Alikuwa kitindamimba wa mama yake, na jina hilo la utani lilimganda tangu utotoni. Alifanya kazi kwa dobi, akinyoosha mashuka na mashati ya watu asiowajua.

Mama yake aliuza mkaa mbele ya nyumba. Alishinda kwenye benchi, kopo la kupimia likiwa pembeni, vidole vyeusi tii. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Kidonge cha asubuhi alipewa na Kitinda kabla hajaenda kazini. Cha usiku alipewa na Kitinda akisharudi. Cha mchana, saa nane baada ya kula, alikimeza mwenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na shida.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Kidonge cha mchana umemeza?"

"Nimemeza."

"Saa ngapi?"

Mama aliangalia gunia la mkaa, kana kwamba jibu limo humo. "Saa nane. Saa tisa. Huko huko."

"Huko huko ndiyo saa gani, mama?"

"Mchana, mwanangu. Kwani nilikwambia usiku?"

Kitinda hakuwa na nguvu za kucheka wala za kugomba. Ukutani ndani kulikuwa na saa kubwa, lakini mama alikuwa nje, na magoti yake hayakupenda ngazi za mlangoni. Simu ndogo alikuwa nayo. Juani kioo chake hakikusomeka hata ukikinga kwa kanga. Kwa hiyo mama alikisia kwa kivuli cha ukuta. Kivuli kikigusa benchi, alikula na kumeza dawa.

Kitinda alikuwa ameshanunua dawa ya shida hiyo, au ndivyo alivyodhani. Alikuwa amemnunulia mama saa ya mkono. Ilikuwa saa ya kike hasa: ndogo, nyembamba, rangi ya dhahabu, na vijiwe vinavyometameta kuzunguka uso. Muuzaji aliapa kwamba mama yeyote akiipata atalia kwa furaha. Mama hakulia. Alisema, "Ahsante sana, mwanangu, Mungu akuzidishie." Kisha akaifunga kwenye leso na kuiweka kabatini.

"Mama, ile saa mbona huivai?"

"Naitunza. Nitaivaa siku ya shughuli."

"Shughuli gani? Nimeinunua kwa ajili ya dawa, si kwa ajili ya harusi!"

"Usipige kelele, watu wanasikia."

Kitinda aliona uchungu moyoni. Alijinyima ili kuinunua, na sasa inalala kwenye leso kama mgonjwa. Alisema kimoyomoyo kwamba mama yake ana maringo. Ndiyo, alisema hivyo, na wengi wetu tungesema hivyo tukiwa tumechoka kama yeye.

Kisha ikaja siku ya mawingu.

Siku hiyo hakukuwa na kivuli. Ukuta ulikuwa wa kijivu kuanzia asubuhi. Mama alingoja, akachoka kungoja, akaona labda wakati umepita. Akameza kidonge kabla hajala. Wateja wakaja wengi, maana mvua ilikuwa inanukia na kila mtu alitaka mkaa. Walipoondoka, mama alijiuliza: nimemeza au sijameza? Hakukumbuka. Akameza kingine.

Aliyemkuta ni Mama Betri. Huyu alikuwa fundi saa mwenye meza yake kwenye kona ya mtaa huo huo. Alikuja na ndoo yake kununua mkaa. Akamwona mwenzake anatetemeka, jasho linamtoka bila jua, na maneno yanamponyoka.

"Loo! Bibi wee, umekula?"

Mama alitikisa kichwa. Mama Betri hakuuliza tena. Alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamnywesha taratibu huku akimshikilia. Alipoona anaweza kusema vizuri, alimpeleka zahanati. Kisha akampigia Kitinda simu.

Kitinda alifika na aproni ya kazini. Hata pasi hakujua kama aliizima. Alimkuta mama amelala kwenye kitanda chembamba, macho wazi, akimwonea haya.

Muuguzi alimweleza bila haraka. "Sukari yake ilishuka mno. Alimeza dawa bila kula, kisha akarudia. Jirani yenu ameokoa jambo. Mkimwona anatetemeka, anatoka jasho jembamba, au anachanganyikiwa, na kama bado anaweza kumeza, mpeni kitu cha sukari mara moja, kisha mleteni. Akishindwa kumeza msimlazimishe, mkimbizeni hapa."

"Na dawa?" Kitinda aliuliza.

"Akiwa na shaka kama amemeza, asirudie. Aulize kwanza. Na apate saa anayoweza kuisoma."

"Saa anayo!" Kitinda alisema kwa sauti ya kulia. "Iko kabatini!"

Mama aligeuzia uso ukutani.

Kesho yake, mama akiwa amesharudi nyumbani, Kitinda aliomba ruhusa kazini. Alichukua ile saa na leso yake, akaenda kwenye meza ya Mama Betri. Alimshukuru kwanza, kisha akaiweka saa mezani.

"Dada fundi, labda hii si nzuri vya kutosha. Nitafutie nyingine ya kupendeza zaidi. Huenda ataivaa."

Mama Betri aliivaa lenzi yake jichoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi ajabu. Aliigeuza saa, akaiangalia mgongoni, akaiangalia usoni, akacheka puani.

"Hapa hakuna namba hata moja."

"Kuna vijiwe."

"Vijiwe havisemi saa ngapi. Mama yako ana macho gani?"

"Macho? Ya kawaida. Ya uzee."

"Na vidole?"

Vidole vya mama yake vilikuwa vidole vya mama yake. Hakuwahi kuviuliza chochote.

"Mdogo wangu," Mama Betri alisema, "kiatu unanunua bila mguu? Nenda kamlete mwenye mkono."

Mama aliletwa polepole, akakalishwa kwenye kigoda. Mama Betri alimsalimu, akamtania kuhusu mkaa wake wenye vumbi jingi, kisha akampa ile saa ya dhahabu.

"Haya bibi, jivalishe tuone ulivyo bibi harusi."

Mama aliipokea. Kishikizo chake kilikuwa kidogo kama jicho la sindano. Alijaribu. Vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye viungo, na saa ikateleza. Akaishikilia kwa goti, akajaribu tena, ikateleza tena. Kitinda alinyoosha mkono kumsaidia.

"Mwache," alisema Mama Betri kwa upole. "Mchana wewe hupo."

Mama aliiweka saa mapajani.

"Siwezi," alisema. "Tangu siku ya kwanza sikuweza. Na ukinivalisha, siioni. Naona mng'aro tu."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Ulikuja umechoka, miguu imevimba, umeishika kwa mikono miwili kama yai. Ulinunua kwa jasho lako, mwanangu. Nikuambie haifai?"

Kitinda aliinama, akajifuta machozi kwa upindo wa nguo yake. Aliona aibu, na aliona huruma, na juu ya yote aliona woga kwa kilichotaka kutokea. Mama Betri alijifanya anatafuta kitu kwenye kisanduku chake mpaka wote wawili wakatulia.

"Sasa tununue saa," alisema.

Alitoa saa kadhaa akazipanga juu ya kitambaa. Hakumwonyesha Kitinda. Alimwonyesha mama.

"Usiniambie ipi nzuri. Niambie ipi unaisoma ukiwa umeishika usawa wa tumbo, kama unavyokaa kwenye benchi lako."

Mama alikunja macho. Akazisukuma pembeni zile zenye uso wa fedha, maana mishale yake ilipotea kwenye mng'aro. Akasukuma pia ya tarakimu tupu, isiyo na mishale.

"Hii inasema kumi na nne. Ndiyo saa ngapi hiyo?"

"Ndiyo saa yako nane ya mchana," alisema Mama Betri. "Ukiitaka, kila ukitazama lazima ufanye hesabu. Unataka hesabu?"

"Hesabu za mkaa zinanitosha."

Wakacheka, hata Kitinda. Ikabaki saa moja yenye uso mweupe, namba kubwa nyeusi, na mishale minene. Mama aliisoma bila kukunja macho.

"Lakini hii si ya kiume?" Kitinda aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ya kiume, ya kike, saa haijui. Wauzaji ndio wanaojua, kwa sababu wakiifanya ndogo na kuitia vijiwe, bei inapanda. Mwanamke hana macho madogo kuliko mwanamume." Akaichukua ile ya dhahabu, akaikwaruza kidogo mgongoni kwa ukucha. Rangi ikatoka. "Unaona? Rangi ya juu juu. Kwa jasho na vumbi la mkaa ingebanduka, na chuma cha chini kingemwasha. Mwenye kisukari akikuna ngozi mpaka ikachubuka, kidonda kinaweza kuchelewa kupona. Siku zote geuza saa kwanza. Utafute mgongo wa chuma kisichoshika kutu."

"Hapa pameandikwa haiingii maji," Kitinda alisema, akisoma mgongo wa ile saa nyeupe.

"Maana yake mvua kidogo na mikono iliyolowa. Siyo kufulia, siyo kuogea. Wengi huniletea saa zilizojaa maji, wakiniapia kwamba imeandikwa. Na wewe usije ukavaa saa ya namna hii kwenye mvuke wa pasi zako, utaiua."

Kilichobaki kilikuwa mkanda. Mama Betri aliutoa ule wa ngozi, wenye tundu na pini, akatia mkanda wa kitambaa unaojigandisha wenyewe ukiubandika.

"Jivalishe, bibi."

Mama aliweka saa kwenye kifundo cha mkono, akaubana mkanda kifuani, akaubandika. Prrr! Umekaa. Akaubandua, akaubandika tena, akaubandua tena kama mtoto.

"Utauchakaza kabla hatujalipa," Kitinda alisema.

Kabla ya kulipa, Mama Betri aliwafanya waukazie macho mshale wa sekunde mpaka uzunguke mara moja bila kusita. Aliufungua mgongo wa saa mbele yao, akawaonyesha betri, aina inayopatikana kila duka. Kisha akairekebisha mishale.

"Kwa kawaida mshale mfupi ukiwa kwenye mbili, sisi tunasema saa nane. Nikuwekee hivyo, au mshale uwe kwenye nane yenyewe?"

"Uwe kwenye nane yenyewe," mama alisema. "Nimezunguka vya kutosha."

Ile ya dhahabu Mama Betri aliichukua, akapunguza bei ya ile nyeupe. Nyongeza aliyotoa Kitinda ilikuwa ndogo kuliko alivyoogopa. Alishangaa, na akajichukia kidogo kwa kushangaa.

Jioni hiyo walifanya jambo moja jingine. Kila asubuhi Kitinda angeweka kidonge cha mchana kimoja tu ndani ya kikopo kitupu. Kikopo kikiwa kitupu, amemeza. Mama mwenyewe ndiye aliyelitoa wazo hilo, kwa sababu mkaa pia aliupima kwa kopo.

Wiki zikapita. Saa ikawa nyeusi kwa vumbi la mkaa, na kila jioni mama aliifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Wateja walianza kumuuliza saa. Aliwajibu kwa mbwembwe, akinyoosha mkono mbele kabla ya kusema. Walipokwenda zahanati, muuguzi alipima sukari, akaangalia cheti, akasema, "Sasa inatulia. Endeleeni hivi hivi." Kitinda alipumua pumzi aliyokuwa ameibana tangu ile siku ya mawingu.

Hakuwa amepumzika, hata hivyo. Mazoea ya hofu hayaishi upesi. Akiwa kazini bado alitazama ukutani ikikaribia saa nane, pasi mkononi.

Jumapili moja dobi alimwita aje jioni, kulikuwa na mashuka mengi ya hoteli. Kitinda alikaa kitandani mchana, macho mekundu, anaogopa kulala asije akapitiliza.

Mama alichungulia mlangoni. "Lala. Nitakuamsha saa kumi."

"Mama, wewe una wateja..."

"Nina saa. Lala."

Kitinda alilala kama gogo. Hakuota mashuka wala vidonge. Alichosikia baadaye ni mkono wenye vumbi ukimtikisa bega.

"Amka mwanangu. Saa kumi kamili."

Kabla hajajizuia, Kitinda aliinua simu akatazama. Saa kumi kamili.

"Unanikagua?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

"Unanikagua. Haya, kagua."

Kitinda aliiweka simu chini ya mto, akavuta shuka. Miguu yake ilikuwa bado mizito. "Niongezee dakika kumi, mama."

Mama alinyoosha mkono mbele, akaitazama saa yake kwa makini.

"Kumi tu," alisema, akakaa pembeni ya kitanda kungoja.