Sauti ya Rispah Kwenye Ghala la Mbali

Mimi ni Wangila wa Kabuchai. Kila Jumamosi kwaya yetu hufanya mazoezi kwangu. Marehemu mke wangu, Rispah, ndiye aliyeianzisha. Kila wimbo aliurekodi kwenye kompyuta yake. Nyimbo zilifika mia mbili na kumi. Hata sasa tunaongeza mbili tatu kila wiki.

Kompyuta hiyo ilianza kukwaruza ndani. Phelista, mwanakwaya mwenzetu anayetengeneza kompyuta Kimilili, akasikia, akaniuliza:

“Baba Nabwile, hizi nyimbo ziko pahali pengine?”

“Ziko hapo tu.”

“Basi hii ikifa, zimeenda.”

Akasema tuzitume kwenye ghala la mtandaoni, kwenye mashine za kampuni kubwa. Nikakataa.

“Niwape wakubwa tena? Faili ya Rispah ilipotea hospitalini. Mkubwa wao akaniambia ati ni panya.”

“Walikuwa na nakala moja, si ndio? Kama wewe.”

Nikamsogezea kompyuta.

Alifungua dirisha jeusi kwenye kioo, halina picha hata moja. Akaandika mstari mmoja: rclone, ndiyo programu ya kutuma, kisha copy, yaani nakili, kisha jina la folda, kisha jina la ghala. Mara ya kwanza zilienda zote, siku nzima. Jumamosi iliyofuata niliandika mimi, kwa kidole kimoja. Mashine ikapitia nyimbo zote, ikatuma tatu mpya tu. Dakika mbili. Chai yangu haikuwahi hata kupoa.

“Imejuaje?”

“Inalinganisha. Iliyo kule tayari haiitumi tena. Lakini usiandike sync badala ya copy, bana. Hiyo ukifuta hapa, inafuta na kule.”

Nywila ya ghala akaniambia niiandike kwenye karatasi, nisiiache ndani ya kompyuta peke yake.

Wiki ya sita kompyuta ilikufa. Phelista akaleta nyingine, akaiwekea ile nywila, akaomba nyimbo. Ghala likajibu tungoje mpaka kesho.

“Kesho,” nikasema. “Hata wale wa hospitali walisema kesho.”

“Hili ni ghala la vitu vya kukaa miaka, mzee. Bei iko chini, lakini kutoa kunachukua saa nyingi.”

Sikuamini.

Kesho yake, tukitoka kanisani, zilishuka zote. Hakuna hata moja iliyopungua. Phelista anasema zilikuwa nchi nyingine, kwenye majumba yaliyojaa mashine. Mwanamke wa Kabuchai alale huko wiki sita, kisha arudi mzima.

Akabonyeza wimbo wa kwanza. Kabla ya kuimba, Rispah alikohoa.

“Wangila, funga huo mlango, kuku wanaingia.”

Nilisimama nikaufunga.